Taa ya oili haizimi baada ya kufungua sampu: kurudisha presha bila kuumiza injini

Ukishamwaga oili ya zamani ya pikipiki, ukateremsha sampu (bakuli la oili chini ya injini), ukatoa wavu wa kunyonyea na kuuosha, kisha ukapuliza kila tundu kwa upepo, injini imebaki kavu kuliko inavyoonekana kwa nje. Bomba la kunyonyea ni tupu. Pampu ni tupu. Filta ni mpya na haijaonja oili. Njia zote zilizotobolewa ndani ya bloku zina hewa tu. Ukimimina oili mpya, yote inashuka chini ya sampu na kutulia pale ikingoja kuvutwa. Kioo cha pembeni kinaweza kuonyesha kiwango sahihi kabisa huku beringi za krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, hazina hata tone.

Kwa hiyo kazi ya kurudisha presha inaanza wakati sampu bado iko mezani, na inatakiwa iwe imekwisha kabla injini haijawaka hata mara moja. Wengi hufanya kinyume: wanafunga kila kitu, wanamimina oili, wanapiga stata, halafu wanakodolea taa macho. Mara nyingi taa inazima baada ya sekunde kadhaa na pikipiki inaondoka. Lakini kwa sekunde hizo chuma kimesuguana na chuma, na mikwaruzo ya beringi haijirekebishi yenyewe.

Pampu kavu inazunguka bure

Pampu nyingi za pikipiki ni za rota mbili. Rota ya ndani kwa kawaida ina meno manne, ya nje ina nafasi tano, na zikizunguka pamoja nafasi kati yao inapanuka upande mmoja na kubana upande mwingine. Inapopanuka inanyonya, inapobana inasukuma. Hakuna mpira wowote unaoziba kati ya meno hayo. Kinachoziba ni utando wa oili yenyewe. Mwanya kati ya ncha za meno huwa karibu 0.15 mm pampu ikiwa mpya, na vitabu vingi vya ufundi vinataka rota zibadilishwe mwanya ukifika 0.20 mm. Oili nzito haiwezi kurudi nyuma haraka kupitia mwanya huo. Hewa inarudi bila shida yoyote. Ndiyo maana pampu nzima kabisa, isiyo na ubovu, inaweza kuzunguka dakika nzima bila kuvuta kitu kama imekauka.

Na inakauka kirahisi. Fundi aliyeiosha kwa petroli na kuipuliza kwa upepo ameondoa ule utando uliokuwa unaiwezesha kunyonya. Kazi safi namna hiyo ni nzuri, ila inabidi urudishe ulichokiondoa.

Jambo la pili liko upande wa kunyonya. Pampu haivuti oili kwa nguvu zake zote kama inavyoisukuma. Inachofanya ni kupunguza hewa ndani ya bomba, kisha hewa ya nje ndiyo inaipandisha oili, na hewa hiyo haina zaidi ya bar 1 ya nguvu. Ukivunja mrija wa soda kidogo tu pembeni, utavuta upepo badala ya soda. Hivyo ndivyo inavyokuwa oringi (pete ya mpira ya kuziba) ya bomba la kunyonyea ikikatika, ikisahaulika, au ikiwekwa ya unene usio wake. Oili ikivuja baada ya pampu unapoteza presha kiasi. Hewa ikiingia kabla ya pampu unaweza kupoteza yote.

Sampu ikiwa bado chini

Anza na hiyo oringi. Toa ya zamani na uhakikishe imetoka yote, maana mara nyingine inabaki imenasa ndani ya tundu la bloku, fundi anavalisha mpya kwenye bomba, na bomba linakaa upande. Weka mpya ya namba ya pikipiki hiyo hiyo, ipake oili, lisukume bomba kwa mkono likiwa limenyooka mpaka lilale. Ukilivuta kwa bolti ndipo oringi inapokatika, kwa sababu bolti inabana upande mmoja kwanza.

Kwenye injini nyingi za silinda nne kuna valvu ya kupunguza presha ambayo haijafungwa kwa nyuzi zozote. Imechomekwa tu kwenye bloku au kwenye bomba, ina oringi yake, na kinachoizuia isianguke ni sampu yenyewe. Ukiteremsha sampu inaweza kudondoka, ikaviringika kwenye trei ya oili chafu, na isionekane mpaka taa ikatae kuzima. Itafute kabla hujamwaga ile oili. Isafishe, kisha sukuma pistoni yake ya ndani kwa kijiti cha mti au plastiki: lazima iingie bila kukwama na irudi yenyewe kwa springi. Ikikwama ikiwa imefunguka, hata na punje moja ya uchafu, oili yote inarudi kwenye sampu na beringi hazipati kitu. Usitumie bisibisi, mkwaruzo mmoja kwenye ukuta wake unatosha kuikwamisha siku nyingine.

Sasa ijaze pampu. Kama pikipiki imesimama na wewe uko chini yake, tundu la kunyonyea linatazama chini, kwa hiyo huwezi kumimina tu. Chukua bomba la sindano la ml 50 au 60, livalishe mpira mfupi unaobana vizuri kwenye lile tundu, lijaze oili ile ile utakayotumia kwenye injini. Mtu mwingine azungushe krenki polepole kwa spana kuelekea mwelekeo wa kawaida wa injini, plagi zikiwa nje ili isiwe nzito. Mwanzoni utalazimika kusukuma kwa dole gumba, na oili itarudi pembeni na kuchuruzika mkononi. Endelea. Kuna wakati unafika ambapo kizibo cha sindano kinaanza kuingia chenyewe, kidogo kidogo, kikifuata mzunguko wa krenki. Hapo pampu imeshika. Ukitoa kidole utaona kinaendelea kuzama. Ipe ml 50 hadi 100 namna hiyo, kisha chomoa mpira na uvalishe bomba la kunyonyea haraka. Sehemu ya oili itadondoka, na hakuna tatizo. Ule utando kati ya meno umebaki, na ndio uliokuwa unautaka.

Kama pampu yenyewe ilifunguliwa, ijaze mafuta ya mgando ya kujipaka, yale meupe yasiyo na manukato, kabla ya kufunga kifuniko chake. Yanaziba mianya yote, kisha yanayeyuka oili ikipata joto na kuchanganyika nayo. Usitumie grisi ya beringi. Grisi ina sabuni ndani yake inayoishikilia, haiyeyuki kwenye oili kama mgando, na vipande vyake vinaenda kukaa kwenye matundu membamba ya kupeleka oili kwenye kamshafti, shafti inayofungua valvu.

Ukiwa hapo hapo kwenye pampu, angalia pini ndogo inayounganisha shafti na rota ya ndani. Ni kipande cha chuma kisichozidi ukubwa wa njiti, na bila hicho shafti inazunguka huku rota imesimama. Kama rota zina alama za nukta, zikae upande ule ule zilipokuwa.

Silikoni ni somo linalojirudia. Pale ambapo kiwanda kimeweka gasketi, weka gasketi, kavu au kama kitabu kinavyosema. Pale panapohitaji silikoni, weka mstari mwembamba wa mm 1 hadi 1.5, uzunguke matundu ya bolti kwa upande wa ndani, basi. Ile inayovimba nje ukikaza inaonekana na inafutwa. Kiasi kama hicho hicho kimevimba pia kwa ndani, kitaganda, kitakatika, na wavu wa kunyonyea utakivuta. Ukifungua sampu iliyowahi kufungwa kwa silikoni nyingi, utakuta minyoo ya silikoni imelala juu ya wavu. Uache muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kumimina oili.

Bolti za M6 za sampu zinakazwa kwa mkato, za kukabiliana, kwa awamu mbili au tatu, mpaka Nm 10 hadi 12. Zinakaa kwenye aluminiamu, na nguvu ya ziada inang'oa nyuzi. Washa ya bolti ya kumwagia oili iwe mpya.

Filta, na upande wake

Filta ya kopo inayofungwa kwa nyuzi, kama mdomo wake unatazama juu au upande, ijaze oili kiasi kisichomwagika, usubiri karatasi inywe, uongeze tena. Filta kubwa inaweza kunywa ml 100 na zaidi kabla haijaruhusu kitu kupita, na pampu iliyotoka kukauka haina haja ya kazi hiyo. Paka oili kwenye mpira wake, ifunge kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ongeza kama ilivyoandikwa juu ya kopo.

Filta ya karatasi inayokaa ndani ya kifuniko inahitaji umakini wa aina nyingine, kwa sababu inaweza kuingia kinyume. Zile zenye tundu upande mmoja tu, ukizigeuza unakuwa umeziba mlango wa oili kwa mkono wako. Nyingi zina maandishi ya upande wa nje, yasome. Springi na washa yake zirudi mahali pake na kwa mpangilio wake. Na kwenye uso wa kifuniko kuna tundu dogo la oili lenye oringi ndogo, ambayo hubaki imegandia upande wa pili na kutupwa pamoja na gasketi. Ikikosekana, oili inavuja ndani kwa ndani. Hutaona tone nje. Utaona presha ndogo tu isiyoelezeka. Hivyo hivyo kwa pini za mirija zinazounganisha njia za oili kati ya bloku na vifuniko: kila yenye oringi, irudi na oringi.

Pikipiki ndogo zisizo na taa ya oili

Injini nyingi za silinda moja za cc 100 hadi 150 zina beringi za gololi kwenye krenki na za rola kwenye konroadi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), hazina swichi ya presha, na presha yake ni ndogo kwa asili. Beringi za aina hii zinaridhika na oili kidogo inayopita muda wote. Kwa hiyo kwenye injini hizi unakagua kama oili inafika, na geji ya presha haitakusaidia sana.

Sehemu yake ya hatari iko kwenye kifuniko cha klachi. Injini za muundo huo nyingi zina kikombe cha kuchuja kwenye ncha ya krenki, kinachotupa uchafu pembeni kwa mzunguko. Oili inaingia kwenye krenki kupitia kijibomba kidogo chenye springi kilichoko ndani ya kifuniko cha klachi, kikilenga katikati ya kikombe hicho. Ukifungua kifuniko, kijibomba na springi vinaweza kurukia kwenye sahani ya oili chafu bila mtu kujua. Injini ikifungwa bila hivyo, oili inamwagika kabla ya kuingia kwenye krenki, konroadi inakauka, na hedi inaweza kuendelea kupata oili vizuri tu, jambo linalomdanganya anayekagua juu. Fungua kikombe chenyewe pia, kwangua tope lililoganda ukutani, na ufute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi.

Kuzungusha bila kuwasha

Mimina oili kiasi kilichoandikwa. Kitabu kizuri kinatoa namba tatu: ya kumwaga tu, ya kumwaga na kubadilisha filta, na ya injini iliyofunguliwa. Baada ya kuteremsha sampu anza na namba ya pili, usogee kuelekea ya tatu baadaye ukishaona kiwango kimeshuka. Iwe oili yenye alama ya JASO MA au MA2 (viwango vya oili ya pikipiki) kama klachi inaogea oili. Oili nyepesi ya gari yenye vipunguza msuguano inaifanya klachi iteleze.

Usizidishe nusu lita eti kuisaidia pampu. Mdomo wa kunyonyea tayari umezama. Oili ya ziada inaufikia krenki, inapigwa mpaka inatoa povu, na povu ni hewa: unakuwa umemrudishia pampu adui yule yule.

Toa plagi zote. Bila mgandamizo krenki inazunguka haraka zaidi, stata haichoki, na beringi za konroadi hazibebi mzigo. Zima moto na mafuta kwa pamoja: chomoa waya mwembamba wa kila koili, na kama pikipiki ina injekta, toa fyuzi ya pampu ya petroli. Ya karabureta, funga koki. Kuacha plagi zikirusha cheche hewani kunaweza kuharibu CDI (kisanduku kinachotoa moto wa plagi) au kompyuta, na mvuke wa petroli unaotoka kwenye matundu ya plagi unawaka. Tena petroli inayonyunyizwa kwenye silinda bila kuungua inaosha oili ukutani na kushukia kwenye oili yako mpya.

Washa ufunguo uone taa ya oili imewaka. Isipowaka, waya wa swichi umesahaulika au balbu imekufa, na ukiendelea hivyo hutajua chochote. Ikiwaka, piga stata sekunde 5 hadi 10, pumzisha nusu dakika hadi dakika moja ipoe, rudia. Betri iwe imejaa. Pampu ikizunguka polepole hewa inapata muda wa kurudi kupitia ile mianya. Injini iliyojazwa pampu kama ilivyoelezwa huzima taa ndani ya raundi mbili au tatu.

Kwa kiki, plagi ikiwa nje, kanyaga mfululizo mara 40 hadi 60. Unaweza pia kuinua tairi la nyuma, kuweka gia ya juu, na kulizungusha kwa mkono kuelekea mbele. Kurudisha nyuma kunazungusha pampu kinyume na kunalegeza cheni ya taimingi kwenye upande usio na kikaza. Ikiruka jino moja una kazi nyingine mpya.

Kisha hakikisha oili imefika juu. Baadhi ya injini za silinda moja zina bolti ndogo ya kukagulia kwenye hedi. Ilegeze nusu mzunguko huku unazungusha mpaka oili ichuruzike. Kama kuna bomba la nje la oili, legeza bolti yake ya juu yenye tundu katikati. Kama hakuna, fungua kifuniko cha valvu utazame roka zikilowa. Swichi ya presha kwa injini nyingi inazima taa kati ya bar 0.2 na 0.5, kiasi kidogo mno, kwa hiyo taa iliyozima inasema oili imefika kwenye swichi, haisemi zaidi ya hapo.

Taa ikikataa kuzima

Jumla ya dakika moja ya stata ikipita bila mabadiliko, acha. Kuendelea kunakausha kile kilichobaki.

Chomoa waya kwenye swichi. Taa isipozima, waya umegusa bodi mahali na shida ni ya umeme. Ikizima, fungua swichi yenyewe, weka kitambaa chini, mtu apige stata, na utazame lile tundu kwa makini. Hapa ndipo injini inapojieleza. Oili ikiruka kwa nguvu bila mapovu, swichi ni mbovu. Ikitoka ikichanganyika na mapovu kisha mapovu yakaisha na ikawa safi, upepo ulikuwa umebaki kwenye njia na sasa umetoka, rudisha swichi. Mapovu yasiyokwisha, sekunde 20 na zaidi, yanasema hewa inaingia upya kila mzunguko, na karibu kila mara ni oringi ya bomba la kunyonyea, bomba lenyewe lenye ufa, au kiwango cha chini. Ikichuruzika kivivu, oili inarudi kwenye sampu kupitia valvu ya kupunguza presha iliyokwama au oringi ya ndani iliyosahaulika. Pasipotoka kitu kabisa, pampu haijashika, haizunguki, au filta imeziba njia.

Kwa hali hiyo ya mwisho, kabla ya kuteremsha sampu tena, ingiza oili kupitia tundu la swichi kwa kopo la pampu ya mkono, ml 100 hadi 200, taratibu. Inajaza njia kuu na beringi, na kwa injini isiyo na valvu ya njia moja inaweza kurudi mpaka kwenye pampu na kuilowesha. Legeza pia filta kidogo huku stata inazunguka: oili ikitokea kwenye mpira wake, pampu inafanya kazi na kizuizi kiko mbele ya filta. Isipotokea, shida iko nyuma yake, na sampu lazima ishuke. Ishushe. Ni saa moja au mbili za kazi, na krenki ni gharama ya injini nzima.

Kuna ushauri unaotolewa kila mahali kwamba injini iwashwe na ipigwe resi ili oili ipande. Kataa. Resi inaongeza mzigo kwenye beringi kavu mara moja, wakati pampu iliyokamata hewa inaendelea kuzungusha hewa, kwa kasi zaidi tu. Kuisukuma pikipiki ili iwake ni kosa lile lile.

Injini zenye tangi la oili la pembeni, au zinazohifadhi oili ndani ya fremu, zina utaratibu tofauti kidogo: oili inashuka yenyewe kutoka tangini kuelekea kwenye pampu, na upepo unakwama kwenye bomba hilo. Legeza bomba upande wa injini mpaka oili itoke bila mapovu, kisha ukaze. Yamaha XT600 ina skrubu ya kutolea upepo kwenye kifuniko cha filta kwa kazi hii hii.

Kuwasha, halafu kupima

Rudisha plagi, koili na fyuzi. Washa, acha iungurume polepole bila resi. Taa izime mara moja. Ikichelewa zaidi ya sekunde 5, zima. Mlio wa valvu au wa kikaza cheni kinachotumia oili unaweza kusikika kwa sekunde chache kisha ukanyamaza. Mlio unaobaki na unaogonga kwa kina chini ya injini, zima. Baada ya dakika moja zima hata kama kila kitu ni sawa, subiri dakika mbili hadi tatu, simamisha pikipiki wima, angalia kiwango. Kitakuwa kimeshuka kwa sababu filta na njia zimejaa. Ongeza kidogo kidogo. Tazama chini ya sampu kwa tochi.

Kwa injini yenye beringi za nusu duara, zile za vipande laini visivyo na gololi, inafaa kupima kwa geji ya bar 0 hadi 10, iliyofungwa kwenye tundu la swichi au la njia kuu. Pima oili ikiwa na joto la nyuzi 80 hivi, kwa sababu oili baridi ni nzito na inatoa namba nzuri za uongo. Injini nyingi za silinda nne zinatakiwa kuonyesha kati ya bar 3.5 na 6 kwenye mizunguko 5,000 hadi 6,000 kwa dakika. Namba ya kweli ni ile ya kitabu cha pikipiki yako. Presha nzuri ikiwa baridi kisha ikaporomoka ikiwa moto inaelekeza kwenye beringi au pampu iliyolika, na kufungua sampu hakukuileta. Presha ndogo muda wote, baridi na moto, kwenye injini iliyokuwa nzima wiki iliyopita, inaelekeza kwenye kitu ulichokigusa: valvu, oringi, filta. Sindano ya geji inayotetemeka na kuruka ni hewa upande wa kunyonya.

Ukirudisha swichi, paka kizibio kwenye nyuzi zake lakini acha mm 3 hadi 4 za ncha bila kitu, kisidondokee ndani ya njia ya oili. Nyuzi zake mara nyingi ni za kuchongoka, kwa hiyo zinabana zenyewe kadiri zinavyoingia. Nm 12 hivi zinatosha, zaidi ya hapo bloku inapasuka. Rudisha waya, vuta kifuniko chake cha mpira kikae vizuri, washa ufunguo, na uone taa ikiwaka kabla hujagusa stata.